Barua ya wazi kwa wasimamizi wa filamu na Jiji la Nairobi: Turudishieni filamu za mji wetu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya filamu, Tume ya Filamu ya Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Waheshimiwa,

Ukipanda matatu ya Thika Road kuja mjini, makanga atauliza nani anashukia Odeon, na nusu ya abiria wataanza kukusanya mizigo. Anayetoka Ngara kwa miguu atapitia Globe. Wa Mombasa Road atagonga bodi ya gari ashushwe Bellevue. Vijana wetu wanayajua majina haya matatu kama vituo vya matatu, na hawana la ziada la kujua, kwa kuwa hawakuambiwa. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema. Bellevue ulikuwa uwanja ambamo watu waliegesha magari jioni, wakatazama filamu wakiwa wameketi ndani, watoto wamejikunyata nyuma na blanketi. Sinema zimekwisha, majina yamebaki midomoni mwa makanga.

Mimi ni mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kwa miaka kumi niliendesha video show Kariobangi: kibanda cha mabati, benchi 12 za mbao, televisheni ya mgongo, na baadaye projekta ya mtumba niliyoinunua Luthuli Avenue kwa kulipa kidogo kidogo. Mtoto alilipa shilingi 10, mtu mzima 20. Filamu zangu zilikuwa zile zile za kila kibanda: za Kihindi, za karate, na za Marekani zenye sauti ya DJ Afro akisimulia juu yake mpaka mtu unasahau kwamba waigizaji wenyewe wana lugha yao. Nimewaandikia barua tatu kwa njia ya kawaida kuhusu jambo hili. Ofisi moja iliniambia nisubiri, nyingine ikanielekeza ya kwanza. Hii ya nne nimeona niiandike hadharani ili wenzangu waisome pia, na anayeliunga mkono ombi langu aseme.

Naomba jambo moja. Filamu ambazo hadithi zake ziko Nairobi na viungani mwake zikusanywe, zitunzwe mahali panapojulikana, na zionyeshwe kwa watu wa Nairobi katika kumbi ambazo tayari ni mali ya umma.

Nianze na usiku mmoja, maana ndio ulionifungua macho. Ilikuwa baada ya Nairobi Half Life kutoka, mwaka 2012. Filamu ile iliongozwa na David "Tosh" Gitonga, na ndiyo ya kwanza Kenya kuwahi kuipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alikuwa amepata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo. Sifa zilijaa magazetini. Kariobangi tulizisoma tu, kwa sababu ilikuwa ikionyeshwa kwenye majumba ya maduka makubwa, na tiketi ya mtu mmoja ingetosha kulisha nyumba yangu siku mbili. Nilinunua nakala kwa mchuuzi. Haikuwa halali, nakiri, na waliotoa jasho kuitengeneza hawakupata hata senti kutoka kwangu. Nalisema wazi kwa sababu ni sehemu ya ombi langu: sikuwa na mlango halali wa kupitia.

Kibanda kilijaa. Kwenye filamu za nje watu wangu hupiga kelele, humwonya mwigizaji aangalie nyuma, hushangilia teke likimpata adui. Usiku ule walianza hivyo hivyo. Halafu Mwas akafika Nairobi kutoka mashambani akiwa na mzigo aliokabidhiwa na jamaa yake, bado anashangaa majengo, wakamvamia na kumnyang'anya kila kitu. Kibanda kikanyamaza. Nilidhani stima imeleta shida kwenye spika. Nikageuka kuangalia, nikaona watu wameinama mbele, viwiko magotini.

Benchi la nyuma alikuwa ameketi mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha, ndoo yake na kachumbari ziko miguuni. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Hata mimi nilipokelewa hivyo. Mwaka wa tisini na saba. Walichukua mpaka viatu vya mtoto." Watu wakageuka kumtazama. Mzee mmoja fundi wa viatu akasema yeye alilala stendi ya mabasi ya Machakos Country Bus usiku mbili akisubiri binamu ambaye hakutokea. Kijana wa boda akasema yake. Nilisimamisha filamu. Kwa muda mrefu hakuna aliyedai pesa yake wala kuuliza kwa nini picha imeganda. Watu walikuwa wakisimuliana jinsi kila mmoja alivyoingia mji huu. Tumeishi pamoja miaka, tunakopeshana sukari, na hatukuwa tumewahi kuulizana hilo.

Nimeonyesha mamia ya filamu. Hiyo ndiyo pekee iliyowahi kufanya watu wangu wageukiane.

Tangu hapo nilianza kuzitafuta. Nilitaka filamu zenye Nairobi ndani yake, za zamani na za sasa, niwe naonyesha moja kila Jumapili. Kutafuta kwenyewe kulinifundisha mengi. Nilijua kwamba mwaka 1992 Anne Mungai alitengeneza Saikati, hadithi ya msichana wa Kimaasai anayekimbilia Nairobi na binamu yake na kukuta mji si ule alioahidiwa. Nilijua kwamba Judy Kibinge alitoa Dangerous Affair mwaka 2002, Nairobi ya watu wa ofisini, wenye magari na mapenzi ya kutatanisha, mji ambao sisi wa Kariobangi tunaupita tukienda kibaruani. Nilijua Soul Boy ya Hawa Essuman, 2010, mtoto wa Kibera anayezunguka kutwa akitafuta roho ya baba yake iliyopotea. Kujua nilijua. Kuzipata ili nizionyeshe kwa ruhusa na risiti ikawa kazi nyingine. Mwenye intaneti ya nyumbani na kadi ya benki huenda akabahatika kuona moja au mbili. Mimi nilikuwa na kibanda chenye watu sitini wenye shilingi ishirini ishirini mkononi, na sikujua nibishe hodi wapi.

Wakati sisi tunatafuta, dunia inaendelea kuonyeshwa Nairobi. Mwaka 2015 ilitoka Eye in the Sky. Hadithi yake iko Eastleigh, mtaa wetu wa hapa Nairobi: msichana mdogo anauza mikate kando ya nyumba wanamojificha magaidi, na wakubwa ng'ambo wanabishana kama kombora lirushwe au lisirushwe. Ni filamu iliyotengenezwa kwa ustadi, nimeitazama mara mbili. Lakini ilipigwa Afrika Kusini. Niliitazama na jamaa yangu mwenye duka la vitambaa Eastleigh, mtu aliyezaliwa Section Three, na tangu picha ya kwanza ya barabara hakutulia. Aliuliza matatu za namba 6 na 9 ziko wapi. Aliuliza mbona hakuna hata msongamano. Mwisho akasema, kwa uchungu wa kweli, kwamba watu wa nchi zingine watadhani wameiona Eastleigh. Sikuwa na la kumjibu. Mtengeneza filamu ana uhuru wa kupiga picha anakotaka, hilo silipingi. Ila ile Eastleigh ya kuigiza imehifadhiwa vizuri na itaonekana miaka hamsini ijayo, na Eastleigh halisi iliyopigwa na vijana wetu iko kwenye diski fulani, ndani ya droo fulani, na mwenye droo amehama nyumba.

Serikali inajua kutunza kilichoguswa na filamu ikitaka. Nendeni mtaa wa Karen. Ile nyumba aliyokaa Karen Blixen, Mdenishi aliyeishi nchini kati ya 1914 na 1931, Denmark iliikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka Out of Africa, filamu ya maisha yake, iliyopigwa huko chini ya vilima vya Ngong na kushinda Oscar saba. Nimewapeleka watoto wangu pale. Ni mahali pazuri, bustani imetunzwa, anayekutembeza anaeleza kwa heshima, na wageni wanakuja kutoka kila upande wa dunia kwa sababu ya filamu hiyo moja. Sina kinyongo nayo. Nauliza tu kwa nini hadithi ya mwenye shamba wa enzi za ukoloni ina nyumba, nyasi na kibao barabarani, na hadithi za waliozaliwa Pumwani, Kibera na Mathare hazijatengewa hata chumba kimoja mjini.

Tena mji huu hauwasubiri mchelewe. Filamu ya mwaka 2003, hata iwe mbaya kiasi gani, ukiitazama unaona matatu kabla hazijapakwa mstari wa manjano wa Sheria za Michuki za 2004, zile za kurekebisha usafiri wa matatu: manyanga zenye michoro, watu wananing'inia mlangoni, makanga hana sare. Iliyopigwa kabla ya 2020 inakuonyesha Uhuru Highway ikiwa na anga juu yake, kabla nguzo za Expressway, ile barabara ya juu, hazijasimama na miti haijakatwa. Hoteli ya Hilton ilifunga milango mwishoni mwa 2022 baada ya zaidi ya nusu karne. Kuna filamu ambazo wapenzi wanakutana pale mlangoni, na baada ya miaka michache hizo picha ndizo zitakazowaeleza wajukuu kwa nini babu zao walikuwa wakisema "tukutane Hilton". Waliopiga picha hizo hawakuwa na nia ya kuandika historia. Walitaka mahali pa kusimamisha waigizaji. Historia iliingia yenyewe nyuma yao, pamoja na wachuuzi na kibanda cha simu.

Ndiyo maana zile za River Road zinaniuma zaidi. Mnazijua: filamu za siku chache, kamera moja, za Kikuyu, za Kiswahili, za Sheng, zilizouzwa kwenye diski kuanzia Nyamakima mpaka stendi za mikoani. Wasomi waliziita za kubabaisha. Nilikuwa nazo sanduku mbili. Mvua ya Aprili mwaka mmoja iliingia kibandani usiku, na nilipofungua sanduku asubuhi, zile karatasi za jalada zilikuwa zimegandana na diski, ukizivuta zinatoka na ule utando unaong'aa. Nilizianika juani kwenye mabati, moja moja, kama omena. Nyingi hazikusoma tena. Niliporudi River Road kununua zingine, duka lililokuwa likiziuza lilikuwa limegeuka la vifuniko vya simu. Mwenye duka mpya hakujua nazungumzia nini.

Kuna watu ofisini huwa wanasema Mkenya hapendi filamu za kwao, kwa hivyo hakuna haja ya gharama. Wakumbuke Septemba 2018. Filamu iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana katika mtaa mmoja wa Nairobi, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani tangu Aprili. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu. Kila nyumba ina msimamo wake juu ya kilichomo ndani ya filamu ile, na sikuandika barua hii kuuanzisha mjadala huo upya. Nataka mkumbuke foleni. Watu walitoka kazini, wakasimama, kumbi zikajaa, maonyesho yakaongezwa. Wengine niliozungumza nao walikuwa wamekwenda kwa sababu ya uchu wa kuona kilichokatazwa, sawa. Lakini walivyosimulia baadaye walikuwa wakitaja paa za nyumba, kanisa, kibanda cha soda, rangi za nguo. Walikuwa wameuona mji wao kwenye kitambaa kikubwa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao.

Sasa njia ninayoiona, na ninyi ndio wenye uwezo wa kuipitisha.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, inataka kila filamu inayoonyeshwa hadharani ikaguliwe kwanza. Maana yake ni kwamba filamu tayari zinapita mikononi mwenu. Anayechapa kitabu nchini humu anatakiwa kisheria kupeleka nakala kwa serikali, na hakuna mchapishaji anayelalamika. Ndivyo vitabu vinavyosalia. Wekeni utaratibu kama huo kwa filamu. Ikija kuainishwa, nakala moja nzuri ibaki mahali pa kutunzia, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye filamu kuhusu lini na wapi inaweza kuonyeshwa. Za zamani zitafutwe kwa waliozitengeneza wakiwa bado hai na kumbukumbu zao zingali nzuri. Wengi wako hapa hapa mjini. Wengine wana kanda chini ya kitanda na wangefurahi mtu akiwapigia simu.

Mahali pa kutunzia si lazima mjenge. Pale Moi Avenue tuna jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo kila mtu wa Nairobi analitumia kumsubiria mwenzake, na wachache sana wameingia ndani. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 kisha akaacha siasa na kutumia maisha yake kukusanya vitabu, sanaa na kazi za mikono za Afrika. Serikali iliununua, na leo mtoto wa shule analipa kiingilio kidogo anatazama. Mtu mmoja aliona mali ya Waafrika inapotelea ng'ambo, akaikusanya. Ninyi ni ofisi nne zenye bajeti.

Na za kuonyeshea zipo. Kaunti ina kumbi za kijamii Kaloleni, Kariokor, Jericho, Pumwani, na mitaa mingine mingi. Zina paa, zina stima, zina viti vya kutosha harusi. Jumamosi moja kila mwezi, saa kumi jioni ili akina mama wafike nyumbani na mwanga, filamu moja ya Nairobi. Kiingilio kiwe shilingi 50, na sehemu kubwa iende kwa aliyeitengeneza. Hapa nawasihi sana: msiwaite watengenezaji filamu mkawaambia watoe kazi yao bure kwa ajili ya nchi. Wamefanya hivyo vya kutosha. Wakilipwa hata kidogo kutoka kumbi ishirini, kwa mwezi ni pesa ya kuanzia filamu nyingine, na ile nakala ya mchuuzi haitakuwa na mteja Kariobangi.

Pia waiteni mmoja au wawili waliocheza ndani ya filamu waje wakae na watu baada ya kuitazama. Wengine bado wanapanda matatu na sisi. Nimewahi kumwona mwigizaji wa filamu iliyokwenda Ulaya akipanga foleni ya gari Muthurwa, mvua inanyesha, na hakuna aliyemtambua.

Video show niliifunga 2016. Vijana walihamia kwenye simu, kila mmoja na kioo chake, na siwalaumu, data ilishuka bei. Benchi 12 ningali nazo, zimepangwa ukutani kwa jirani. Projekta inawaka, taa yake niliibadilisha mwaka jana. Yule mama wa mayai bado yupo kwenye kona ile ile, na kila tukikutana huniuliza ile filamu iliishaje, maana usiku ule tuliporudi kuiwasha stima ilipotea na hakuwahi kuona mwisho wake. Nimemwambia nangoja barua kutoka kwenu niionyeshe yote, kwa ruhusa, ukumbini, na kwamba nitamwekea kiti cha mbele.

Wenu,
Mkazi wa Kariobangi, aliyekuwa mwenye video show